Stempu za babu ukutani: jibu kwa kijana wa Tanga anayechapa fulana

*"Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tanga, nachapa fulana na mifuko kwa skrini. Marehemu babu alikuwa karani wa posta, ameniachia albamu ya stempu za zamani: twiga wa Tanganyika, jahazi, mkonge, na bahasha kadhaa. Nataka kuchapa picha kubwa za kutundika ukutani zenye sura ya stempu hizo, nakala 50 tu basi. Nimeskani ile ya twiga nikaikuza, imetoka kama ukungu. Nifanyeje itoke kali? Nitumie rangi ngapi? Nakala zinaandikwaje namba? Sheria inaruhusu? Na je, nikibandua stempu halisi nikaiweka pembeni ya kila picha, si itaongeza thamani?"*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na babu, na hongera kwa kuachiwa kitu ambacho nyumba nyingi hukichoma pamoja na magazeti ya zamani. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hilo swali la ukungu ndilo lililobeba mengine yote.

Skana yako haina kosa. Kosa ni kukuza kitu ambacho kilipaswa kuchorwa upya. Tafuta ile lenzi ndogo ya mafundi saa, inayokuza mara 10, uitazame stempu ya twiga chini ya mwanga wa pembeni. Stempu zile zilianza kutumika Tanganyika mwaka 1922, na zilichapwa Uingereza na kampuni ya Bradbury Wilkinson kwa bamba la chuma lililochongwa. Mchongaji alikata mifereji myembamba kwenye chuma, wino ukajazwa ndani ya mifereji, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi ikagandamizwa kwa nguvu mpaka ikaunyonya wino kutoka mle. Ndiyo maana kwenye mwanga wa pembeni unauona wino umeinuka kidogo juu ya karatasi.

Sasa tazama shingo la twiga. Hakuna kijivu mle. Kuna mistari: minene penye kivuli, myembamba penye mwanga, na kati yake karatasi tupu. Kivuli chote unachokiona kwa macho kimetengenezwa na mistari hiyo peke yake. Skana imeiona mistari ile pamoja na nyuzi za karatasi, kutu ya miaka mia, na wino wa muhuri wa posta, ikavikoroga vyote kuwa kijivu kimoja. Nawe ukaipelekea skrini kijivu, ilhali skrini inajua mambo mawili tu: hapa wino upite, hapa usipite.

Halafu kuna suala la ukubwa. Stempu ya upana wa milimita 22 ukiipeleka sentimita 44 umeikuza mara 20. Mstari wa sehemu moja ya kumi ya milimita unakuwa milimita 2 nzima. Mchongaji aliukata mwembamba kama unywele ili jicho lisiuone kama mstari bali kama kivuli. Ukutani kwako unakuwa fito. Kwa hiyo hata ungepata skani safi kabisa, bado usingepata stempu kubwa. Ungepata twiga aliyejengwa kwa fito.

Hapo una njia mbili, na zote nimezipitia. Ya kwanza ni kuzikubali fito: unachora upya mistari michache, minene, yenye ncha kali, na mtazamaji akisimama hatua nne nyuma twiga anajikusanya mwenyewe. Picha ya namna hii ina nguvu sana sebuleni. Ya pili ni kuchonga upya kwa kipimo cha ukutani, yaani mahali mchongaji alipoweka mstari mmoja wewe unaweka mitatu au minne, ukifuata mzunguko wa misuli na taya kama alivyofanya yeye. Inakula siku nyingi. Kwako ninashauri uzichanganye: uso wa twiga uchonge upya kwa mistari mingi, pindo liache na mistari yake mikubwa. Jicho la mtazamaji litajua lenyewe pa kutulia.

Nimesema pindo makusudi. Wewe ni mtoto wa pwani, kanga unaijua: ina pindo, ina mji, ina jina. Stempu ya zamani imejengwa vilevile. Pindo ni fremu yake yenye nakshi, mji ni twiga au jahazi, na jina ni maandishi ya nchi na thamani. Watu wengi wanaoiga stempu huhangaika na mji, wakachora mnyama mzuri, halafu pindo wakalinunua tayari kwenye kompyuta na maandishi wakayaweka kwa herufi yoyote. Kazi inakufa hapo hapo. Kwenye stempu za kuchongwa, maandishi hayakupangwa kwa herufi za mashine. Yalichorwa na kuchongwa kwa ajili ya nafasi ile ile, yakapindishwa kufuata umbo la fremu, yakaachiwa hewa inayolingana na nakshi za jirani. Ukitaka sura ya zamani, anza na jina. Chora kwa mkono neno utakaloandika, kwa penseli, kubwa, mara ishirini kama lazima, mpaka litulie ndani ya fremu yake kama linavyotulia kwenye kanga. Kisha pindo. Twiga aje mwisho.

Na ukimaliza kuchora, kabla hujagusa skrini, fanya jaribio hili. Punguza mchoro wako mpaka upana wa milimita 22 uuchape kwenye karatasi ya kawaida. Kama jina halisomeki na mnyama hatambuliki, ulichochora ni bango lenye meno pembeni, si stempu. Rudi mezani. Waliochora stempu hizi walikuwa na eneo dogo kuliko kidole gumba, na humo iliwabidi waingize nchi, bei, picha na pambo, vyote vionekane na karani kama babu yako kwenye mwanga hafifu wa dirishani. Uzuri wake umetoka kwenye kubanwa huko, na mchoro ambao haukupita kwenye tundu lile hauna uzuri ule hata ukiupaka rangi gani.

Usidhani stempu zote za albamu zimechapwa kwa njia moja, maana kila njia itakudai mchoro wa aina yake. Ile ya mkonge, kama ni ya senti 5 yenye kichwa cha Malkia Elizabeth, ni ya mfululizo wa Kenya, Uganda na Tanganyika wa mwaka 1960. Pamba ilikuwa senti 10 na kahawa senti 15. Zile za senti zilichapwa kwa njia ya picha, na ukiziweka chini ya lenzi huoni mistari ya mchongaji, unaona rangi laini iliyovunjwa vipande vidogo mno. Hiyo usiiige kwa mistari, utailazimisha. Igawe katika mabaka bapa ya rangi, matatu au manne, kama fundi wa batiki anavyogawa. Skrini inapenda mabaka bapa kuliko kitu chochote.

Ya jahazi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1935, posta za nchi hizi tatu zikiwa zimeunganishwa, ulitoka mfululizo wenye picha ya Mfalme George V na mandhari za kwetu: korongo mwenye taji, simba, Kilimanjaro, daraja la Jinja, na jahazi kwenye Ziwa Victoria. Senti 5 ya jahazi ni nyeusi na kijani, na rangi mbili maana yake mabamba mawili, karatasi ipite mara mbili. Itazame kamba ya tanga. Kwenye baadhi ya stempu hizo kamba haikufika kwenye tanga, na kwenye nyingine imeungana nalo, kwa sababu bamba lilirekebishwa. Wakusanyaji wamezitenga mbili hizo mpaka leo na kuzipa namba tofauti kwenye orodha zao. Mstari mmoja ambao mtu mwingine angeupuuza! Nakueleza haya ili utakapoweka filamu yako, yaani mchoro wako kwenye plastiki angavu, juu ya meza ya mwanga uikague kamba kwa kamba, kwa sababu ukishachoma skrini, yaani ukishauhamishia mchoro huo kwa mwanga, kamba iliyokatika itakatika mara 50.

Makosa ya herufi ni mabaya zaidi. Mwaka 1895 Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa juu neno "Zanzibar" pale pale kisiwani, na humo zikapita zilizosomeka "Zanzidar" na "Zanizbar". Kenya nayo, kwenye stempu zake nzuri za makombe na kauri za 1971, jina la kisayansi kwenye ile ya senti 70 liliandikwa *pompileus* badala ya *pompilius*, na la kwenye ile ya senti 50 nalo likabadilishwa baadaye kutoka *Janthina globosa* kuwa *Janthina janthina*. Mpe mtu mwingine asome filamu yako, na amsomee mtoto kwa sauti, herufi moja moja.

Haya, tuje kwenye karakana. Nadhani skrini zako ni za 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita, maana ndizo za fulana. Kwa karatasi ni pana mno: zinamwaga wino mwingi, karatasi inakunjamana na kingo za mstari zinavimba. Nunua kitambaa cha 90T kwa mabaka na 120T kwa mistari. Kama duka linahesabu kwa inchi, hizo ni kama 230 na 305. Kwa 120T iliyokazwa vizuri mimi sichori mstari chini ya milimita 0.3, ingawa unaweza kushuka zaidi ukiwa na bahati, na bahati haidumu nakala 50.

Ile mbinu yetu ya kupaka karatasi mafuta ya kula ili ipitishe mwanga iache kwenye fulana. Mafuta yanatambaa, na ukingo wa mstari unatambaa nayo. Kwa kazi hii lipia filamu safi nyeusi ti. Na kama unachoma skrini kwa jua, kata kipande cha kujaribia, ukifunike kwa hatua za sekunde chache chache, uone mstari mwembamba unabaki wapi na unaziba wapi. Tanga hewa ina maji. Dawa ya skrini ikionekana kavu kwa juu ndani inaweza kuwa bado mbichi, na ikiwa mbichi itabanduka utakapoiosha. Iache usiku kucha mbele ya feni, gizani.

Wino wa fulana wa plastiki usiutumie kabisa kwenye karatasi, kwa sababu bila joto kali haukauki, utachafua mpaka mwaka ujao. Tumia akriliki ya maji, uichanganye na dawa ya kuchelewesha kukauka, la sivyo joto litakuzibia vitundu vya skrini kabla ya nakala ya kumi. Baada ya kila kuchapa, inua skrini kidogo uvute wino mwepesi juu ya mchoro bila kukandamiza, ili vitundu vibaki na unyevu. Skrini isilale juu ya karatasi. Iachie nafasi ya milimita 3 hivi, iguse pale skwiji, ule mpira wa kuvutia wino, inapopita tu kisha iachie yenyewe. Hilo peke yake litakupa kingo kali kuliko ulivyozoea.

Rangi ngapi? Kwa twiga, moja. Najua utashtuka, lakini kwenye stempu za twiga mchongaji alipata mwanga, kivuli na nakshi kwa mistari ya wino peke yake. Rangi moja nzuri juu ya karatasi nzuri inatosha nakala zako 50 za kwanza, na itakufundisha usafi wa mstari kabla hujaanza kuhangaika na kulenga rangi moja juu ya nyingine. Kwa jahazi, mbili. Kwa mkonge, tatu au nne, na hapo tumia wino uliopunguzwa ukali kwa besi isiyo na rangi, ili njano ikipitiwa na buluu upate kijani bure bila skrini ya nne. Chapa nyepesi kwanza, nzito mwisho. Mabaka yanapokutana yaingiliane nusu milimita, usiache mwanya.

Usitumie rangi kama ilivyo kwenye kopo. Rangi za stempu za zamani zimetulia: nyekundu yenye giza kidogo, buluu ya kina, kahawia ya karafuu kavu. Tone dogo la rangi iliyo kinyume chake, kijani kidogo ndani ya nyekundu kwa mfano, linaituliza vizuri kuliko nyeusi. Lakini usichape madoa ya uongo ya uzee, wala usichovye karatasi kwenye chai. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kila mara nimesikitika, kwa sababu stempu ya babu yako haikuzaliwa na madoa. Ilizaliwa mpya, inang'aa, na fundi aliyeichapa angependa uione hivyo. Karatasi ya pamba ya gramu 300, nyeupe iliyoelekea maziwa, inatosha.

Kuhusu karatasi nikueleze yaliyonipata. Msimu mmoja wa masika nilianza kazi ya rangi tatu siku hiyo hiyo niliyoleta karatasi kutoka dukani lenye kiyoyozi. Rangi ya kwanza ilikaa, ya pili nikaichapa siku mbili baadaye ikakaa kwa taabu. Siku ya tatu ilinyesha usiku kucha, karatasi ikanyonya unyevu ikatanuka, na rangi ya mwisho, ile nyeusi ya mistari, ikasogea milimita 2 upande mmoja. Karatasi 60 za pamba, na hakuna iliyopona. Tangu hapo karatasi zangu hulala karakanani siku mbili zikiwa zimetawanywa kabla sijazigusa, na rangi zote nazimaliza kwa mfululizo hali ya hewa ikiwa moja. Anza na karatasi 65 ili upate 50 safi.

Meno ya stempu usiyakate kwa mkasi. Wakusanyaji hupima meno kwa kuhesabu vitundu ndani ya sentimita 2. Stempu yenye kipimo cha 14 ina kitundu kila milimita 1.4 hivi, na ukiikuza mara 20 ni kitundu kila sentimita 2.9 karibu. Hesabu hiyo ifanye kwa stempu yako, kwa sababu wengi huchora meno makubwa mno, na picha inageuka biskuti. Kisha chapa rangi ya nyuma, nyeusi au ya udongo, kwenye karatasi yote isipokuwa umbo la stempu na meno yake. Stempu inabaki nyeupe ya karatasi yenyewe, na karatasi yako inabaki mraba, rahisi kuweka kwenye fremu.

Kuna pambo moja la historia yetu ambalo skrini inalifanya vizuri kuliko mashine yoyote, nalo ni maandishi ya kupigwa juu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye sura ya sultani hazikutupwa. Zilipigwa juu neno JAMHURI, mwanzoni kwa mihuri ya mkono, na neno moja likageuza karatasi ya utawala mmoja kuwa ya mwingine. Ukitaka toleo lako la pili litofautiane na la kwanza kwa haki, chapa neno moja juu ya mchoro, kwa wino mmoja, ulitangaze kuwa ni toleo jingine lenye hesabu yake.

Nimefika kwenye hesabu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Nakala 50 ni ahadi kwa mtu aliyekulipa. Mwenye kuchonga bamba la shaba huzuiwa na bamba lenyewe, kwa sababu linachakaa na nakala za mwisho hutoka dhaifu. Skrini haikuzuii hivyo, unaweza kuchapa mia tano bila tofauti kuonekana, na kesho ukaichoma tena kutoka filamu ile ile. Kinachozuia ni neno lako. Kwa hiyo fungua daftari: tarehe, karatasi, rangi ulizochanganya na vipimo vyake, nakala ngapi zilitoka, ngapi ziliharibika, nani alinunua namba gani. Zilizoharibika chana siku hiyo hiyo. Ukimaliza, osha skrini na ukate filamu vipande viwili, kimoja ukibandike kwenye daftari.

Namba huandikwa kwa penseli, chini kushoto, 1/50, 2/50 na kuendelea. Jina la kazi katikati. Sahihi yako kulia. Penseli huingia kwenye nyuzi za karatasi na haififii. Nakala za msanii, zinazoandikwa A.P., zisizidi tano kwa toleo la 50, na uzitaje wazi mbele ya mnunuzi. Namba 1 haina ubora kuliko namba 50 kwenye skrini, kwa hiyo usiiuze ghali zaidi kwa kudai hivyo. Ukikubali ushauri wa mtu mzima, anza na 30. Nakala 30 zilizokwisha zinakujengea jina kuliko 50 ambazo 22 zimebaki chini ya kitanda. Bei ipange kwa gharama zako zote pamoja na siku zako za kuchora, na ukishaipanga usiishushe, maana unamuumiza aliyekuamini mapema.

Sheria. Mimi ni mchapaji, si wakili, lakini haya yanatosha kukuweka salama. Kwanza, usichape kitu kinachoweza kudhaniwa ni stempu ya kutumia: ukubwa ule ule, meno ya kuchanika, gundi nyuma. Picha ya sentimita 44 ya kutundika haifiki huko. Pili, mchoro wa stempu ni kazi ya mtu. Tanzania na Kenya hakimiliki hulinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Stempu za samaki za Tanzania za 1967, na za kauri za Kenya nilizotaja, zilichorwa na Rena Fennessy. Hizo zitazame ujifunze, usizinakili. Kwa jambo lenye utata nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukiuza huko. Tatu, ngao ya taifa iache, ina sheria yake.

Lakini mwanangu, njia nyepesi kuliko zote ni kutochora twiga wa mtu mwingine. Una mji wako. Kwenye bahari ya Tanga kuna silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na madinosa, na wavuvi wenu wamemvua. Mpaka hifadhi ya bahari imewekwa kwa jina lake. Mchore huyo, magamba yake makubwa yanaomba mistari ya mchongaji. Mzungushie pindo la mkonge. Jina liwe TANGA, kwa herufi ulizochora mwenyewe. Na pale kwenye kisanduku cha thamani, ambapo stempu ingeandika senti, acha karatasi tupu, kisha kila nakala uiandike namba yake humo kwa penseli. Hapo hutakuwa umemwiga mtu, na hakuna atakayeidhani ni stempu ya posta.

Swali lako la mwisho nitalijibu kwa neno moja: usibandue. Stempu iliyobanduliwa kwa maji au kwa kisu hupoteza gundi, au meno, au ngozi ya nyuma, na ukiibandika tena kwa gundi ya duka umeimaliza. Zile zilizo kwenye bahasha ndizo za kuachwa kabisa, kwa sababu bahasha nzima yenye muhuri wa posta, tarehe na anwani mara nyingi ina thamani kuliko stempu iliyong'olewa humo. Usitie selotepu, usizishike kwa vidole vyenye jasho, tumia koleo dogo lenye ncha bapa. Albamu isimamishe kama kitabu, isilale chini ya vitu vizito, wala isikae karibu na ukuta unaopokea upepo wa bahari. Iweke kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na kwenye zile bahasha, tafuta zenye muhuri wa TANGA. Huenda moja wapo aliigonga babu yako kwa mkono wake.